Vitabu Visivyotoka

Jumatatu, 3 Oktoba 1955

Ukungu tangu asubuhi. Umeshuka kutoka milimani, ukapita mlangoni, ukasimama kati ya etajeri za vitabu kama msomaji asiyejua anachotafuta. Sikuufukuza. Mimi, Symphorien Nzabandora, msaidizi katika maktaba ya Masisi, napenda ukungu. Ndani yake mtu anaweza kujiona yuko mahali pengine.

Leo nilijiona Walikale. Papa Michel, mkubwa wetu, alituita mimi na mwenzangu Benoît Hakorimana. Akasema maktaba mpya inafunguliwa kule, na mmoja wetu atakwenda kuiongoza. Atachagua kwa kuangalia jinsi tunavyowasaidia watu kwenye meza ya maulizo.

Papo hapo nikaona kiti. Kiti chenye mikono. Dirisha, msitu nje, na watu wakinong'ona kwamba wasipige kelele, mkubwa anasoma.

Benoît aliona nini, sijui. Alikuwa anapangusa vumbi.

Papa Michel akatukumbusha taratibu zote. Msikilize mtu mpaka amalize. Muulize anataka kujua nini hasa. Fungua kitabu mbele yake, mwonyeshe ukurasa, mwachie asome. Na vile vitabu vya maulizo, yaani kamusi, atlasi, na ile Kamusi Kubwa ya Elimu ya Kifaransa yenye vitabu sita, havitoki nje ya chumba hiki hata akija padri mwenyewe. Kila jioni vinarudi mahali pake.

Nilitikisa kichwa kila aliposimama kupumua. Nilikuwa nachagua rangi ya pazia.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimemchunguza Benoît. Sasa naujua udhaifu wake.

Mwalimu mmoja aliingia, akauliza urefu wa volkano ya Nyiragongo. Benoît akamwambia, "Tutazame pamoja." Mbele ya watu. Mtu anayesema tutazame amekiri kwamba hajui. Wakafunua kurasa, wakainamisha vichwa, wakaona. Mwalimu akaondoka anafurahi, lakini nilimtazama vizuri: alikuwa anashukuru kitabu.

Mimi nitajibu bila kufungua kitu. Macho dirishani, mikono mgongoni. Kwa hiyo nitaiweka Kamusi Kubwa yote kichwani.

Nimeanza na kitabu cha kwanza, A mpaka C. Kizito. Kufika jioni niliona kwamba vitabu sita ni vingi kwa kichwa kimoja, na Papa Michel hatangoja. Basi nikapata wazo, na lilikuja kwa utulivu mkubwa, kama ndege anayetua: vile vingine visipokuwepo, Benoît hataweza kuvifungua. Na maulizo ya watu yatalazimika kuja yenyewe upande wa A, B na C.

Nimevificha vitano katika sanduku la mbao linalotayarishwa kwenda Walikale, chini ya vitabu vya hadithi. Ni kwa muda tu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mvua juu ya mabati. Siku nzuri ya kusoma.

Benoît alitafuta vile vitabu vitano chini ya meza na nyuma ya kabati. Nikamwambia nimevipeleka kukauka, kwa ajili ya unyevu. Akauliza vinakaukaje na mvua hii. Nikamwambia kwamba hiyo njo siri ya kazi. Akarudi kutazama nyuma ya kabati.

Nimejua nyuki sasa, na bahari ya Baltiki, na mto Amazoni wote pamoja na samaki wake. Nimejua pia kitu kinaitwa bouillie bordelaise. Kwa maneno yao ni buyi, yaani uji, wa watu wa Bordeaux. Wanachukua unga wa buluu wa shaba, wanachanganya na chokaa na maji, wanakoroga. Niliwahurumia sana. Nimeyashika maneno yote kwa kichwa, hata ya mwisho yanayotaja mizabibu na majani. Nadhani ni mboga za kulia buyi hiyo.

Kisha nikafika kwa nyangumi, baleine kwa Kifaransa. Hapo nikasimama muda mrefu. Anavyolala akielea. Anavyomnyonyesha mtoto wake ndani ya maji ya baridi, gizani, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona.

Nilikuwa bado huko chini ya bahari wakati Mama Constance alipoingia. Ni mkulima wa Kashuga, ametembea na mvua. Alisema majani ya viazi vyake yanageuka meusi kuanzia pembeni, akataka kujua ni ugonjwa gani na kama una dawa. Papa Michel alikuwa pale pale anapanga magazeti, sikio wazi.

Viazi. V. Kwa Kifaransa P. Herufi zote mbili zimo sandukuni.

Nilimwambia kwamba kabla ya viazi ni vizuri kumjua nyangumi. Nikampa yote. Niliongea kwa sauti ya chini, mvua ikinisaidia. Mama Constance aliweka kikapu chini, akakaa. Mwisho akauliza, "Ule samaki iko na maziwa?" Nikamwambia ndiyo, na si samaki. Akasema, "Basi njo mama kama sisi." Akatazama mvua kwa dirisha kitambo. Ilipokatika alinishukuru, akaondoka.

Ushindi. Papa Michel aliacha magazeti, akanitazama mpaka nikaona haya kidogo. Watu wengi hukosa maneno mbele ya kipaji.

Jumatatu, 10 Oktoba

Jambo dogo. Kamyo ya mizigo ya Walikale imepita jana, siku ya misa, na imebeba sanduku.

Papa Michel aliuliza vitabu vitano vya Kamusi Kubwa viko wapi. Nilimjibu kwamba vimetangulia kutayarisha mahali. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Nikamweleza kwamba maktaba mpya isiyo na vitabu vya maulizo ni nyumba bila moto. Akauliza, na hii yetu je? Sikuwa nimefika huko katika fikira zangu.

Jumatano, 12 Oktoba

Mama Constance amerudi. Si peke yake. Jirani zake wa Kashuga walikuja naye, wamekaa kwenye benchi, naye amebeba majani ya viazi yaliyofungwa ndani ya jani la mgomba. Alipofungua, harufu ya kuoza ikajaa chumba.

Nilimkaribisha, nikaanza na nyuki. Aliinua mkono polepole, akageuka kwa Benoît.

Benoît alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza ugonjwa umeanza lini, shamba la juu ao la chini, baada ya mvua ao kabla. Kisha, kwa kuwa vitabu havikuwepo, akaenda kwenye kile kisanduku cha fishi, zile karatasi ngumu zinazoonyesha kila kitu kiko wapi. Mimi huzitumia kuweka alama ya ukurasa. Akatafuta "Viazi". Fishi ikasema: tazama pia "Magonjwa ya mimea". Akatafuta hiyo. Ikampeleka kwenye kijitabu chembamba cha watu wa kilimo, nyuma kabisa, chenye vumbi. Humo ugonjwa ulikuwepo, na picha ya jani jeusi. Dawa pia: nyunyiza bouillie bordelaise mapema, kabla haujashika shamba zima. Namna ya kuitengeneza haikuandikwa.

Benoît akanyoosha mkono kwenye kitabu cha kwanza cha Kamusi Kubwa. B.

Hakuweza kunitangulia. Nilisimama katikati ya chumba, macho dirishani, mikono mgongoni, nikaisema yote. Unga wa shaba. Chokaa. Maji, na namna ya kukoroga, na chombo cha mbao kwa sababu cha chuma kinaharibika. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikienda vizuri kama mto. Nikafika mwisho: hutumika kwa mizabibu, na pia kwa viazi ambavyo majani yake yanageuka meusi.

Hapo ndipo nilipoisikia mimi mwenyewe.

Benoît alikuwa amefuata kwa kidole katika kitabu. Akasema hakuna neno lililopotea.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Constance alinitazama.

"Kaka," akasema, "siku ile nilikuja hapa, ulikuwa nayo tayari mu kichwa?"

Nikasema ndiyo, lakini nilidhani ni chakula.

"Nilikaa hapa mpaka mvua ikaisha. Ukaniambia mambo ya nyangumi." Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Shamba ya chini imeisha yote. Na ile njo ilikuwa mbegu yetu ya mwaka kesho. Inabaki ya juu."

Wakatoka. Benoît akaenda nao, kwanza kwa mzungu mwenye shamba la kahawa kuomba unga wa buluu, kisha Kashuga kunyunyiza kwa mafagio ya majani. Papa Michel alimruhusu kufunga meza.

Mimi nilibaki na harufu. Kwa muda nilihisi kitu kizito kifuani. Kisha nikafikiri: nani aliyejua dawa kwa kichwa? Kikaondoka.

Jioni Papa Michel ameniamuru niende Walikale kurudisha vile vitabu vitano. Nimeelewa. Ananipeleka nikaone kiti changu.

Jumatatu, 17 Oktoba. Walikale

Njia ndefu. Kamyo ilikwama kwenye matope tukalala kijiji cha Mpofi, na asubuhi msitu ulikuwa unatoa moshi kama nyumba ambayo watu wake wameamka. Miti mirefu, huoni mwisho wake. Nilipita chini yake nikiwa na suti, na niliona kwamba inanifaa.

Chumba cha maktaba ni kizuri. Kinanukia mbao mpya. Dirisha lipo. Kiti kipo pia, lakini hakina mikono.

Anayelinda chumba ni Mama Hélène. Sanduku amelifungua, na vitabu vyangu vitano vimelala juu ya meza juu ya kitambaa safi. Watu walikuwa wamezunguka kimoja, kurasa za kasuku. Mzee mmoja mwindaji alikuwa anaonyesha picha kwa kidole na mke wake anamkatalia kwamba mkia si ule. Wakati huohuo kasuku wenyewe walipita juu ya paa, wengi, wakipiga kelele, na wote wakainua vichwa, kisha wakarudi kitabuni. Nilisimama mlangoni nikasahau nimekuja kufanya nini. Nilitamani wasigeuke.

Waligeuka. Nikajitambulisha kuwa mkubwa wa maktaba hii.

Mama Hélène akaniambia kwa heshima sana, "Lakini dereva ametuambia Papa Benoît njo atakuja kutuongoza. Wewe iko umemutangulia kufagia?"

Nimefagia. Ufagio ulikuwepo na watu walikuwa wanatazama.

Nilipowaambia kwamba lazima nirudi na vitabu, mwindaji alifunga kile cha kasuku polepole kwa mikono miwili, akanipa. Mama Hélène akauliza kama na wao watapata vya kwao. Nikaahidi. Sina mamlaka hayo, lakini wakati huo ilionekana kama ninayo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimerudi, vitabu vitano juu ya magoti toka Walikale mpaka Masisi. Miguu imekufa ganzi. Vimerudi kwenye etajeri, na Papa Michel alivihesabu kwa mkono wake.

Benoît amesafiri leo kwenda kuongoza Walikale. Alikuja kuniaga, akasema shamba la juu la Mama Constance bado lina rangi ya kijani, na jirani zake wamemgawia mbegu. Nikamwambia mimi njo nilitaja dawa. Akakubali kwamba ni kweli. Mtu huyu hata kumchukia ni kazi. Nilimweleza pia kwamba kule wanahitaji Kamusi Kubwa ya kwao. Akasema ameshaiomba kwa Bukavu, juma lililopita.

Papa Michel ameniondoa kwenye meza ya maulizo. Nitakaa mlangoni, kwa vitabu vinavyotoka na kurudi. Amesema huko sitahitaji kumwambia mtu chochote. Ni mahali pa imani kubwa. Kila anayeingia atanipita mimi kwanza.

Jumatano, 26 Oktoba

Ukungu tena. Nimepumzika vizuri, na mawazo yanakuja.

Mkaguzi kutoka Bukavu atapita Masisi mwanzoni mwa Novemba kuona kama watu wanakuja kweli. Papa Michel ana wasiwasi, maana kuna siku tunakaa na inzi tu. Mimi nina muhuri wa tarehe. Ni mimi ninayemwambia kila msomaji siku ya kurudisha kitabu, na sasa nimeshika mpini wa mambo.

Tangu juzi nimepiga tarehe moja kwa wote. Vitabu vyote vya Masisi vitarudi siku moja. Chumba kitajaa mpaka nje, mkaguzi atauliza nani aliyefanya haya, na nimeshafikiria namna ya kuinamisha kichwa. Nimechagua tarehe 1 Novemba kwa sababu ni namba safi, haichafui muhuri.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Waimbaji wa misioni wanajizoeza kila alasiri kwa sikukuu fulani ya watakatifu, na sauti inafika mpaka hapa. Katekista aliporudisha kitabu chake aliona muhuri mpya, akaanza kuniambia kitu kuhusu tarehe hiyo, kwamba siku ile kila mtu atakuwa misani, na hakuna... Nikaweka kidole mdomoni. Ndani ya maktaba hatuzungumzi.

Nimepanga viti vyote. Nimeazima na benchi la ofisi ya posta. Nikifumba macho nawaona tayari, wanapanda kilima ndani ya ukungu, wengi sana, kila mmoja na kitabu mkononi, wanakuja kwangu.