Kabati la Muuguzi Halipiti Mlangoni

Jumatatu, 3 Juni

Fundi Bomba, jirani yetu, kaleta gemu kwa Dada. Gemu la kwenye runinga, la kuhamisha vyombo! Vijitu visivyo na mifupa, laini kama unga uliokandwa, vinatoa samani ndani ya nyumba na kuzipakia kwenye lori. Miguu inakwenda inakotaka. Mkono ukishika mlango, unaondoka na mlango. Upuuzi mtupu. Nilikuwa narudi zangu kwenye cherehani, ndipo akaingia Muuguzi, mpangaji mpya wa Dada kule ghorofani. Nikaketi.

Akacheza na Fundi Bomba kwanza. Wakadondosha kochi bwawani, kisha wakalifuata wenyewe. Muuguzi alicheka mpaka akashika mbavu. Zamu yangu naye ilipofika, nikamwelekeza kila hatua: inua, kushoto, si huko, shika mguu wa meza, si mguu wangu. Hatukudondosha hata kikombe. Akapiga miayo. Akasema asante, kaka.

Kaka! Mbona Fundi Bomba hakuitwa kaka?

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia Dada tumbo linaniuma. Sikufungua duka. Suti ya bwana harusi ina mkono mmoja. Atasubiri, mapenzi yanataka subira.

Nimecheza peke yangu tangu chai ya asubuhi. Nimegundua siri! Kabati lisilopita mlangoni halihitaji mlango. Unalifunga kamba, unaning'inia dirishani, unajibembeza, nalo linapaa hadi kwenye lori. Nimerudia na kurudia. Linatii kama limefundwa.

Dada karudi ghafla, kanikuta nimesimama juu ya kochi nashangilia. Akauliza tumbo linaendeleaje. Nikasema limepata nafuu sasa hivi. Akanipikia uji bila sukari, akasimama pale pale mpaka nikaukomba.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi Bomba si mtu!

Nilitaka kummaliza kwa pigo moja la kabati, Muuguzi akiona. Nimeshafunga kamba, nimeshajibembeza, yule bwana akakikumbatia kijitu changu shingoni. Eti kidole kiliteleza. Tukaruka mimi, yeye na kabati, tukatua juu ya ng'ombe. Sebule nzima ikaangua kicheko. Mimi nikanuna. Kuna watu hawaheshimu kazi.

Halafu Muuguzi akasema Jumamosi analetewa kabati la kweli, na ngazi ya kwenda kwake ni nyembamba. Fundi Bomba akashauri lifunguliwe vipande, likaunganishwe juu. Mawazo ya kizee! Mdomo ukanitangulia: lipite dirishani, niachieni mimi. Muuguzi akauliza kama nimewahi. Nikasema mara nyingi tu.

Sikusema wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Kamba ya kuanikia nguo haikuumbiwa kabati. Nilijifunga ncha moja kiunoni, ili mikono ibaki huru kama kwenye gemu. Nikasimama dirishani kwa Muuguzi. Chini, Dada na Fundi Bomba wakalinyanyua. Nikavuta. Likapanda! Nikawaamuru waachie. Wakaachia. Likabembea mara moja, vizuri kabisa, kisha likakumbuka uzito wake.

Likashuka. Nikalifuata mpaka nyonga zikakwama dirishani, kichwa nje, miguu ndani, mkono wa kulia umejipinda ukutani. Mbwa wa jirani akabweka. Kamba ikakatika, Mungu mkubwa! Kabati likaanguka juu ya godoro ambalo Fundi Bomba alilitandika bila kuniuliza. Halikupata hata mkwaruzo. Ndicho kilichoniudhi zaidi.

Muuguzi akanishika miguu, akavuta. Suruali ikaachia mshono. Mimi, fundi cherehani, suruali niliyoishona kwa mikono yangu! Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilikuwa ghorofani.

Fundi Bomba akafungua skrubu, akapandisha vipande, akaunganisha. Chai haikuwahi hata kupoa. Muuguzi akanifunga bandeji kwenye kifundo cha mkono. Hakuthubutu kunitazama usoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Bila shaka alikuwa analia.

Jumapili, 9 Juni

Muuguzi kagonga mlango kuja kuutazama mkono. Nikajiandaa kupewa pole. Badala yake akasema, "Tangu nihamie hapa sijacheka kama jana. Nimeamka mbavu bado zinauma. Jioni tucheze, mimi na wewe. Fundi Bomba acheze na dada yako." Akaondoka akijichekea koridoni.

Nimeyatafakari maneno hayo asubuhi nzima. Nimeyapima huku na huku. Hatimaye nimeelewa: ananionea huruma, masikini, ana moyo mwema sana.

Basi nitamwonyesha mimi ni mtu wa namna gani. Nimefunga mlango, nafanya mazoezi kwa mkono mmoja. Leo jioni hakianguki kitu, hata kijiko. Na yeye, naapa, hatacheka hata mara moja.