Koleo la Kukunja na Chumba chenye Jiko

Jumatatu, 6 Oktoba

Bi. Verla, mwenye shamba, ametangaza asubuhi, mdomo umejaa mkate. Mmoja wetu atabaki hapa shambani msimu wote wa baridi, awe fundi wa kila kinachoharibika. Atalala kile chumba cha nyuma ya ghala. Jiko la chuma. Kitanda kisichoyumba. Choo cha ndani! Mwingine atakwenda jangwani, nyika tupu yenye theluji, na kondoo, akae kwenye kibanda cha magurudumu, yeye na mbwa na upepo, mpaka kondoo waanze kuzaa. Bi. Verla ataamua Jumapili.

Mimi nimeshakaa kibandani misimu miwili. Mwaka jana nywele ziliganda zikashikana na mto. Nilizungumza na mbwa mpaka tukakosana. Sirudi.

Wagombea ni wawili tu. Mimi, Fidencio Ccora, wa Huancavelica, Peru. Na Aladino Cárcamo, Mchile, mtu wa masharubu na maringo, anayedai viazi vilianzia kwao. Viazi! Anasema hivyo mbele ya Mperu, ambaye babu zake ndio waliovilima kwanza, halafu anapiga mswaki na kulala.

Lakini mimi nina silaha. Koleo la kukunja, kubwa kuliko yote yaliyokuwa dukani mjini. Ndani yake mna visu, msumeno, tupa, mkasi, bisibisi za kila namna, kifungua makopo, na kijiti kimoja ambacho bado sijajua kazi yake. Nimempa jina Mkubwa. Yuko kiunoni tangu ninapoamka mpaka ninapolala. Ni mzito. Suruali inashuka upande wa kulia, kwa hiyo ninatembea nimeegemea kushoto. Aladino anasema natembea kama bata aliyepigwa jiwe.

Yeye ana nini? Mfuko uliojaa vipande vya kamba ya marobota ya majani. Basi. Kitu kikilegea, anakifunga. Kikivunjika, anakifunga. Nusu ya shamba hili inashikiliwa na kamba ya rangi ya chungwa. Na huyo ndiye anayejiita fundi!

Mpango: kila siku mpaka Jumapili, Bi. Verla anione natengeneza kitu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimezunguka shamba zima kutafuta kilichoharibika. Hakuna. Mchile amefunga kila kitu.

Basi nikasaidia kidogo. Nimelegeza skrubu za bawaba za mlango wa banda la kuku, kwa bisibisi ya Mkubwa, taratibu, kama daktari. Wazo lilikuwa hivi: Bi. Verla anakuja kuokota mayai, mlango unalia, mimi natokea nyuma ya banda kwa bahati tu, na Mkubwa mkononi.

Upepo ukaja kabla yake. Mlango umeng'oka wote, umeruka kama karata, umeua maboga mawili. Kuku wakatawanyika. Nilipofika nikiwa nimeshika suruali kwa mkono mmoja, Aladino alikuwa ameshaurudisha mlango na kuufunga kwa kamba, huku jogoo yuko kwapani mwake, ametulia kama mtoto anayepelekwa kanisani.

Bi. Verla akamwambia kwamba shamba linahitaji mtu mwenye macho kama yake. Akanigeukia na kuniuliza mbona nilikuwa nimejificha nyuma ya banda. Nikasema nilikuwa nakagua ukuta. Akaniambia ukuta uko mbele pia.

Sijavunjika moyo. Kesho nabadili mbinu.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo tumekata kwato za kondoo. Wengi wana ugonjwa wa kuoza kwato, ule wenye harufu inayokaa puani wiki nzima. Kuna mkasi maalumu wa kwato, uko ndani ya ndoo ya dawa. Mimi nikautazama kwa dharau. Nikamtoa Mkubwa.

Kazi nzuri! Nimekata kwato safi kama kucha za bibi harusi. Hata jirani Orrin, aliyekuja kutusaidia kushika kondoo, mtu ambaye hasifu chochote isipokuwa mvua, alisema chombo hicho kina meno.

Kisha chakula cha mchana. Nyama, viazi (sikusema neno), na makopo ya pichi, ambayo Bi. Verla huyafungua siku za kazi ngumu tu. Kifungua makopo chake kikawa kimepotea. Akaanza kupekua droo. Nikasimama, nikamchomoa Mkubwa mbele ya meza nzima, nikafungua makopo yote matatu kabla hajageuka. Nilikuwa nimempangusa kwenye suruali. Vizuri tu.

Orrin akatazama kopo. Akamtazama Mkubwa. Akasogeza bakuli lake pembeni, akasema ghafla kwamba daktari amemkataza sukari. Bi. Verla akainama, akanusa, akafunga macho.

Aladino akasema kwa sauti ya upole kwamba huko Peru labda pichi huliwa hivyo.

Makopo yote matatu nimeyala mimi peke yangu, nje, ili kuonyesha kwamba hayana neno. Sasa tumbo linanguruma.

Alhamisi, 9 Oktoba

USHINDI! Andika kwa herufi kubwa, Fidencio.

Tumbo lilinitoa mapema, nikaenda mbali na watu, mpaka mwisho wa malisho ya kusini. Na huko nimeona nini? Lango kubwa, wazi kabisa, limebanwa kwenye nguzo kwa kamba ya rangi ya chungwa. Kamba! Lango zima la chuma! Mchile alishindwa kutengeneza komeo, akaona aliache wazi tu na kulifunga kama mbuzi.

Nimekata kamba kwa kisu cha Mkubwa. Nimenyoosha komeo kwa koleo la Mkubwa. Nimelisugua kwa tupa ya Mkubwa. Nimefunga lango. Halafu, kwa sababu mimi si mtu wa kazi nusu, nimelizungushia waya na kuusokota mpaka ukalia. Lango hilo sasa halifungui mtu asiye na Mkubwa. Theluji ilikuwa inaanguka na mimi nilikuwa natoka jasho. Nikasimama mbali kidogo kulitazama. Nadhani nilipiga saluti.

Kamba yake iliyokatwa nimeiweka mfukoni kama ushahidi. Leo sisemi kitu. Bi. Verla ataligundua mwenyewe, naye atauliza ni nani aliyefanya kazi safi namna hii.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ameligundua.

Aliuliza ni nani aliyefanya.

Kumbe ng'ombe wa Bi. Verla wanateremka wenyewe kutoka mlimani theluji ya kwanza ikianguka, na wanapita lango hilo kwenda kijitoni kunywa. Kila mwaka. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma Aladino alifunge likiwa wazi. Asubuhi Orrin alipiga simu kusema kuna kundi zima limejazana kwenye uzio, linalia kama kwenye msiba, na dume limeshabomoa seng'enge na kuingia kwenye majani ambayo Orrin ameyatunza kwa ajili ya baridi.

Hapa mtoto wa miaka minne anajua: lango ukilikuta wazi unaliacha wazi, ukilikuta limefungwa unalifunga. Mimi pia najua! Lakini kamba ile ilinipanda kichwani. Nani anaamini lango lililofungwa kwa kamba?

Bi. Verla alituweka mstari mmoja, mimi na Mchile, akauliza taratibu. Nikasema inawezekana ni upepo.

Akauliza, “Upepo wenye koleo?”

Wote wawili wakakitazama kiuno changu. Hata mbwa, naapa.

Nikatumwa kulifungua. Waya niliousokota jana uliganda usiku. Nimepambana nao asubuhi nzima, ng'ombe wamenizunguka wakinipumulia shingoni, Orrin ameegemea pikapu yake anakunywa kahawa na kunipa moyo. Kila mara nilipoketi alisema, “Usikate tamaa, kijana, aliyefunga huu waya alikuwa binadamu kama wewe.”

Siku mbili zimebaki. Jiko la chuma linasogea mbali. Nimelisikia kabisa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo sikuwa na mpango wowote. Ngoja niandike polepole.

Tulikuwa tunatengeneza uzio ambao dume liliubomoa, mimi na Aladino, hatusemeshani. Tukasikia farasi analia. Ni Pearl, jike mzee wa Bi. Verla, aliyekuwa wa marehemu mumewe. Hapandwi tena na mtu. Anakula tu na kutazama mlima. Alikuwa amekanyaga seng'enge iliyolala chini ya theluji, akashtuka, akajizungusha. Waya miguuni, waya kifuani. Kadiri anavyovuta ndivyo unavyomkata. Damu kwenye theluji inaonekana nyingi kuliko ilivyo, lakini ilikuwa nyingi.

Mkasi wa waya ulikuwa ndani ya pikapu, upande wa pili wa bonde. Mkubwa alikuwa hapa.

Aladino alimshika kichwa. Akamfunika macho kwa koti lake na kuanza kumwimbia kitu cha kwao, sauti mbaya sana, lakini farasi akasimama. Mimi nikalala chini ya tumbo lake kwenye theluji. Akipiga teke moja, kwaheri Huancavelica. Nikakata. Waya wa kwanza, wa pili, halafu ule wa kifuani ambao ulikuwa umezama mpaka hauonekani. Mkubwa hakuteleza hata mara moja. Wa mwisho ulipokatika Pearl akatoa pumzi ndefu, na mimi nikatoa yangu.

Bi. Verla alikuwa amefika, Orrin nyuma yake. Sijui alisimama pale tangu lini. Alimgusa farasi kila mahali, kisha akaniinua kwa kola kama mtoto wa paka. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni baridi. Akamwambia Orrin, na mimi nasikia, kwamba mtu kama huyu, ukimtupa popote duniani peke yake na hilo lichombo lake, atajiweza.

Popote duniani!

Aladino alinipa mkono. Alisema, “Umefanya kazi, Mperu.” Nikamwambia na yeye ameimba. Nimemwonea huruma kidogo. Jangwani kuna baridi.

Nimepita kwenye chumba chenye jiko. Nimepima pa kutundika kofia.

Jumapili, 12 Oktoba

Bi. Verla ameamua.

Naenda kibandani.

Alieleza kwa heshima zote, amevaa nguo za kanisani. Alisema wiki nzima alikuwa hana uhakika, ila jana nilimfumbua macho. Huko jangwani hakuna jirani, hakuna simu inayoshika, kitu kikiharibika mchungaji ni wa kujisaidia mwenyewe. Anahitaji mtu ambaye karakana yake iko mwilini. Nikamwambia kwamba na hapa shambani pia vitu huharibika. Akakubali. Akasema lakini vikifungwa na Aladino, yeye mwenye shamba anaweza kuvifungua. Kisha akataja pichi.

Nilimtazama Mchile nitafute dalili ya kicheko. Hakuna. Ni vibaya zaidi: alikuwa anasikitika kweli. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, siku zote jiko litakuwa linawaka, nikija kutembea nitalikuta la moto. Nikamuuliza nitakuja kutembea na nini, kondoo? Akafikiri. Akasema wakubwa labda wanapandika.

Jumanne, 14 Oktoba

Kibandani. Tumefika jana, pikapu ikivuta. Bi. Verla ameacha unga, maharagwe, nyama, kuni, na makopo ya pichi, mengi. Amesema yote ni yangu. Atarudi Jumatatu na chakula kingine.

Nimetafakari kwa kina, maana huku hakuna la kufanya isipokuwa hilo. Nimeona kosa lilipo. Sikujionyesha vya kutosha. Wiki moja ni fupi. Mwakani naanza Agosti. Na kazi yenyewe naianza huku huku: Bi. Verla akija Jumatatu atakikuta kibanda hiki hakitambuliki kwa uzuri, na atajuta mpaka Krismasi.

Nimeanza leo na mlango. Mpini wake ulikuwa umelegea, unacheza, unapigwa na upepo usiku kucha. Nimekaa nje kwenye ngazi na Mkubwa, nimeufungua wote, nimesugua, nimekaza skrubu moja moja mpaka hakuna kinachocheza. Kazi ya kumwonyesha mtu. Theluji ikaanza kunipiga machoni, nikaingia ndani kujaribu upande wa pili. Nikauvuta mlango. Ukajifunga, tak! Mlango imara sana.

Haufunguki.

Nimevuta, nimesukuma, nimeusema kwa Kihispania na kwa Kikechua, lugha ya nyumbani. Dirisha linapitisha kichwa na mkono mmoja. Nimepitisha kichwa. Kondoo wametawanyika kuelekea kusini, wanakwenda zao. Mbwa amekaa chini ya ngazi ananitazama, hataki kuamini. Na juu ya ngazi, pale pale nilipokuwa nimekaa, amelala Mkubwa, amekunjuliwa bisibisi, theluji inamfunika polepole.

Mara ya kwanza tangu nimnunue, hayuko kiunoni. Suruali imekaa vizuri.

Sina wasiwasi. Kuni zipo. Pichi zipo, ila kifungua makopo kiko nje. Nimeshapata suluhisho, na nashangaa sikuwaza mapema. Jumatatu Bi. Verla akinifungulia, kabla hajasema neno, namwagiza aniletee kutoka mjini koleo la pili, kubwa kuliko hili. La kukaa ndani.