Mlango wa Oveni

Jumatatu, 3 Machi
Mdomo wangu utaniua! Nimekwenda tena kwa fundi cherehani kuulizia suruali. Suruali kisingizio tu. Nimemposa fundi mwenyewe, na hadi leo huyo mwanamke anasema anafikiria. Anafikiria nini? Leo nikamkuta fundi saa kajikalia pale, kamletea keki ya dukani. Moto ukaniwaka. Nikamropokea fundi cherehani kwamba mimi skonzi naoka mwenyewe, aje kwetu Jumamosi kwa chai ya jioni. Akacheka. Akakubali! Sijawahi kuoka kitu maishani.

Jumanne, 4 Machi
Dada yangu, ninayeishi kwake, amenifundisha. Unga, baking poda, siagi ya baridi, maziwa, usikande sana. Kisha funga mlango wa oveni na usiuguse. Rahisi! Nikaugusa. Kidogo tu, kuona kama zimeumuka. Halafu tena, kuona kama zimeshtuka. Zikanywea. Dada akauliza nani kazikalia.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kanifukuza jikoni. Nikazunguka, nikaingilia mlango wa nyuma. Zimenywea tena! Mbwa wa jirani akanusa moja, akaenda zake. Sikuweza kukaa, nikaenda kuulizia suruali. Fundi cherehani akasema nikiendelea kumsimamia kichwani atashona mguu mmoja. Fundi saa alikuwapo, ametulia kama mtungi. Ananikera mpaka basi.

Jumamosi, 8 Machi
Dada alifunga oveni kwa kamba ya kiatu, akaniketisha sebuleni kama mtoto mtukutu. Mgeni wangu, fundi cherehani, akafika kavaa gauni la kijani. Harufu ikajaa nyumba nzima! Dada akatoka kununua majani ya chai. Nikamwambia mgeni aje jikoni aone maajabu. Nikakata kamba.

Zilikuwa zimeumuka, nzuri ajabu. Kisha zikashuka mbele ya macho yetu, moja baada ya nyingine. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akafunga mlango wa oveni taratibu, akavuta kiti, akakaa mbele yake mpaka zikaiva. Akapaka jamu, akala mbili bapa. Akasema skonzi zimeiva, mwokaji ndiye bado.

Halafu akasema jibu langu analo, atanipa Jumatano. Ila akiona kichwa changu dirishani kwake kabla ya siku hiyo, jibu ni hapana. Nikaapa. Nampenda yule mwanamke, nitatulia hata kwa kufungwa kamba.

Jumatatu, 10 Machi
Mimi ni mtu mpya. Subira imeniingia hadi kwenye mifupa. Leo sijapita kwake hata mara moja, na sasa inakaribia saa mbili asubuhi!

Nimewaza jambo moja lakini. Alisema dirishani. Tundu la hewa la nyuma ya duka lake hakulitaja kabisa. Liko juu kidogo, ila dada ana ndoo madhubuti. Naenda mara moja tu, nikaone kama jibu limeumuka.