Zulia la Mibigili

16 Juni, Jumatatu

Jumapili ni Sikukuu ya Ekaristi, ile ambayo sisi Wasukuma tunaiita Bulabo, sikukuu ya maua. Maandamano yatapita mtaani kwetu hapa Butimba, na padre atasimama kwenye geti moja kutoa baraka. Geti moja tu! Katekista Josephat ametangaza kwamba litakuwa la mwenye maua mazuri kuliko wote. Atachagua Ijumaa.

Mama yangu, Bibi Paskazia, miguu imemgomea. Kanisani hafiki tena, na hilo linamuumiza kuliko miguu yenyewe. Basi nimemwahidi kwamba mwaka huu Yesu atakuja mpaka getini kwake. Mama kafurahi, kitenge cha Pasaka kimeshatoka sandukuni. Mke wangu Selina akaniuliza ahadi hiyo nimeitoa kwa maua gani. Swali la uchokozi! Uani kwetu kuna mwarobaini na kamba ya kuanikia nguo.

Halafu kuna jirani, Mzee Rwekaza, mkaguzi wa shule mstaafu kutoka Bukoba. Bogenvilia zake zimefunika ukuta mzima. Anazimwagilia kwa mpira huku anazisemesha Kihaya. Nimempa shikamoo yake vizuri tu. Moyoni nimeshatangaza vita.

17 Juni, Jumanne

Ushindi! Nimekwenda Usagara kwa shemeji Ngosha, kaka yake Selina, na mlimani nyuma ya nyumba yake nikaliona. Ua la mbigili! Kichwa cha mviringo kama tonge la ugali, chekundu kweli kweli, miiba pande zote. Rwekaza hana kitu kama hiki. Bukoba nzima haina. (Nadhani.)

Ngosha anasema hakuna aliyeupanda, babu zao waliukuta. Unapenda mawe, udongo mbovu, majani mafupi, jua kali na mteremko usiotuamisha maji. Ng'ombe wanauzunguka, nyuki wanaufuata. Nikapiga hesabu ya haraka: kama kwenye mawe unapendeza hivi, ukionja samadi itakuwaje?

Nimeng'oa miche ya kutosha. Mizizi imekatika kidogo, si kitu. Kiroba nilikiweka kati yangu na dereva wa bodaboda. Tumefika Butimba mapema mno, na kijana kaondoka bila kuniaga.

18 Juni, Jumatano

Nimepanda getini. Samadi ya kutosha, maji asubuhi, maji mchana, maji jioni. Selina, aliyekulia Usagara akichunga ng'ombe, amesema mmea huo ukidekezwa unakufa. Nimemjibu sijaona kiumbe kinachokataa kudekezwa. Akaniangalia kwa muda mrefu.

Mzee Rwekaza alipita akauliza kwa upole kama wezi wameanza tena mtaani. Wivu huo.

20 Juni, Ijumaa

Imekufa yote. Imeinamisha vichwa kama watu walio msibani. Josephat alipofika alinipa pole. Akaenda kwa Rwekaza. Huko alichukua muda mfupi sana.

Mama aliniita. Hakuuliza habari za maua. Aliuliza Yesu anakuja saa ngapi. Nikasema saa nne. Akasema basi ataanza kujiandaa saa mbili, asije akamkuta hajavaa. Nilikosa pa kuweka uso. Nimekaa chini ya mwarobaini, nimejisikia vibaya kabisa.

Ndipo nikakumbuka. Njia ya kwenda kwa Rwekaza inapita mbele ya geti letu! Na siku ya Bulabo kila mtu anaruhusiwa kumwaga maua njiani. Kila mtu! Na mimi ni mtu.

21 Juni, Jumamosi

Usagara tena. Safari hii nimekata vichwa tu. Ngosha kasimama na fimbo kuhakikisha mingi inabaki mlimani, ya nyuki na ya mbegu. Mchoyo. Ila lazima niandike ukweli: nilikaa juu ya jiwe nikasahau kilichonileta. Mteremko wote mwekundu katikati ya mawe, nyuki wanaimba, na ziwa linang'aa kule upande wa Kigongo. Nilifurahi bure, kama mtoto. Nyuki wengine walinisindikiza na kiroba mpaka barabarani. Viumbe wenye ibada.

Jioni Selina aliuliza kama nakumbuka kwamba Ekaristi ikipita watu hupiga magoti. Nikamwambia mwenye imani hasikii miiba. Kaenda kuficha viatu vizuri vya Mama, asije akajaribu kushuka njiani.

22 Juni, Jumapili

Nimetandaza alfajiri. Zulia jekundu kuanzia kona mpaka getini kwetu. Mama kwenye kiti chake, kitenge kimenyooka, rozari mkononi. Ngoma zikasikika.

Wa mbele walikuwa watoto wa komunyo ya kwanza, wenye soksi nyeupe. Mmoja akaruka. Mwenzake akaruka juu zaidi. Kwaya nyuma haikujua kitu, ikasukuma, nayo ikaanza kuruka. Wapiga ngoma kuona miguu imepaa wakaongeza mwendo. Wa nyuma kabisa, ambao mbigili hata hawajauona, wakadhani ndiyo staili ya mwaka huu, wakaruka pia! Kisha kengele ikalia, na watu kwa mazoea wakapiga magoti. Waliinuka haraka kuliko walivyoshuka. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliinuka na vichwa vitatu vimeganda kwenye kitenge, na aliendelea kuimba. Aliimba juu sana.

Maandamano yakakwama. Mbele hakuendeki, nyuma kumejaa. Mzee Rwekaza alikuja mbio na fagio, akaona, akashikilia geti letu akacheka mpaka miwani ikadondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya mwarobaini.

Padre, kwa kuwa hana pa kwenda, akageuka. Akamwona Mama.

"Bibi Paskazia, kumbe upo?"

"Nipo, Baba. Mwanangu Luhaga alisema saa nne. Mmechelewa kidogo."

Padre akauma midomo asicheke. Akasogea mpaka kwenye kiti, akainua Ekaristi juu yake, akambariki.  Mama alifumba macho, machozi yanashuka na huku anatabasamu. Selina akapiga kigelegele, kina mama wakapokea, ngoma zikaitika. Nililia nyuma ya mti bila aibu.

Rwekaza alifagia njia mwenyewe. Baadaye alimletea Mama bogenvilia mkono mzima. Nimemkaribisha chai. Anacheka vizuri yule mzee, sikujua.

23 Juni, Jumatatu

Mama ameamka anaimba. Kijiti cha mbigili kimoja amekiweka kwenye chupa dirishani, anasema ndicho kilichomsimamisha padre.

Josephat amekuja, anachechemea kidogo. Ameleta habari njema: kila mwaka baraka itasimama kwa Bibi Paskazia, mashindano basi. Kisha akanitaka niape mbele ya Selina kwamba sitagusa tena ua lolote la Bulabo. Nimeapa kwa moyo mweupe. Maua siyagusi.

Nyuki hakuwataja.

Maana nimewaza tangu Jumamosi: kilichoupendezesha ule mlima ni maua, ndiyo, lakini na zile sauti pia! Ngosha ana mzinga asioutumia. Mwakani nitauning'iniza kwenye mwarobaini, juu kidogo ya geti, kwaya ikiingia nao wanaitikia. Hakuna miiba njiani. Watu watapiga magoti kwa raha zao, wametulia, na nyuki hana shida na mtu aliyetulia.

Itabidi tu niwaombe wapiga ngoma wapige taratibu.