Unyayo wa Vidole Vitano

Jumatatu, 18 Machi 1912
Mvua tangu alfajiri. Ukungu umeshuka mlimani hadi kwenye migomba ya jirani. Habari mbaya: Mzee Salehe wa Kilakala, mjomba wa Mwaisha ninayetaka kumposa, kasema hatampa binti yao mtu asiyenawa miguu mlangoni pake, yeye mwenyewe akitazama. Anataka kuona vidole. Ati mtu ambaye kidole chake kimekipanda cha jirani, atawapanda na wakwe. Upuuzi mtupu!
Changu cha mwisho, mguu wa kulia, kimekipanda cha nne tangu tumboni mwa mama. Nikikanyaga tope naacha vidole vinne tu. Kilakala nzima wanaujua unyayo wangu. Watoto husema Maneno kapita hapa, na kweli nimepita. Hatibu, fundi cherehani wa barazani kwa Girish mwenye duka, naye anamtaka Mwaisha. Vidole vyake vimejipanga kama askari wa boma. Simpendi hata kidogo.

Alhamisi, 21 Machi
Nilifikiria viatu. Viatu huvuliwa mlangoni. Nikafikiria kukikata. Nikashika kisu, nikakitazama kidole, nikarudisha kisu.
Nimekwenda kwa Mama Yuliana, aliyejifunza kufunga vidonda kwa masista wa Matombo. Shikamoo, marahaba, nikatoa mguu. Akasema niuloweke kwenye maji ya vuguvugu, kidole nikivute chini polepole, bila papara. Katikati niweke pamba. Usiku nikifunge kwa ukanda laini wa kaniki, nisikaze. Kiatu chembamba, marufuku. Akanionya kwamba kwa mtu mzima kidole hakinyooki moja kwa moja. Nikiacha kukifunga, kitarudi juu. Nikamwambia nimeelewa.
Nimekaza mara mbili ya alivyosema. Kikawa cheusi. Nimelegeza.

Jumamosi, 6 Aprili
Kimeshuka! Kimelala chini na wenzake. Dada yangu Pili, ninayekaa naye, alikikodolea macho akasema alhamdulillahi. Nikaenda Kilakala kupita mbele ya nyumba ya Mwaisha bila sababu, kama kila asubuhi. Alikuwa anafagia. Hakuniangalia, ila alifagia sehemu moja kwa muda mrefu sana. Dalili nzuri.

Jumapili, 7 Aprili
Kuna jambo. Njia yote ya Kilakala, kwenye tope, nyayo za mtu wa vidole vitano. Zinafika mbele ya nyumba ya Mwaisha, zinasimama pale pale niliposimama mimi jana, zinageuka. Hatibu! Nikazifuata kurudi. Zikanileta hadi mlangoni kwangu.
Ukungu mzito, hakuna jogoo, hakuna hata mbwa. Nikatafuta nyayo zangu za vidole vinne. Hakuna. Hata mmoja! Nimekwenda na kurudi kwa miguu yangu mwenyewe na ardhi haina habari nami. Naogopa. Naandika wazi: naogopa.

Jumanne, 9 Aprili
Nimeng'amua. Hatibu anazoa udongo wa nyayo zangu ili anifanyie mambo, kisha anakanyaga zake juu yake. Nimepima mguu wangu kwenye unyayo wake. Urefu ule ule. Upana ule ule. Hata kovu la kisiginoni lipo. Kaniigia hadi kovu, mshenzi yule!
Pili akasema hiyo ni miguu yangu mwenyewe, kidole si kimeshuka? Maskini, hakusoma shule ya serikali hata siku moja.
Basi nami nikamzoa. Nimepanda na udongo hadi kwa Mosi, mganga anayekaa juu ya mto. Hakuuliza jina. Aliunusa udongo, akautazama mguu wangu, akauliza kama kweli nataka mwenye unyayo huu azuiwe. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, tena haraka. Hakucheka. Akaufunga kwenye jani la mgomba, akasema popote nitakapoufukia, mwenyewe hatapavuka.

Ijumaa, 12 Aprili
Wanaume wote msikitini. Nimefukia kifurushi mbele ya kizingiti cha Mzee Salehe. Jumapili tunakwenda kuposa, mimi na Hatibu, siku moja. Ataaibika!
Nilipokuwa nashindilia udongo, kitu kilijikunja ndani ya jani. Wakati huo huo kidole changu cha mwisho kikajikunja nacho. Baridi tu.

Jumapili, 14 Aprili
Sina hamu ya kuandika. Nilivaa kanzu safi. Mzee Salehe yuko mlangoni na beseni, Mwaisha nyuma yake na birika la maji. Nikatoa salamu, nikataka kuinua mguu wa kulia. Haukuinuka. Nikauvuta kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito na baridi, kama umeshikwa na mtu aliye chini.
Mwaisha aliniambia kwa sauti ndogo niingie, kwamba alikuwa akinisubiri mimi. Mimi! Nilitaka kulia. Nikabaki nimesimama.
Akaja Hatibu. Akaniomba radhi, akanipita, akakanyaga pale pale, akanawa, akaingia. Mzee Salehe akasema anayeitwa ndani asiingie, amekataa. Mwaisha akaliweka birika chini. Mlango ukafungwa.
Nilipogeuka kurudi nyumbani, mguu ukawa mwepesi.

Jumamosi, 20 Aprili
Dawa ya Mosi ilikuwa mbovu. Hatibu kaivuka kama hakuna kitu! Kaniki nimeitupa tangu Jumapili, na kidole kimepanda tena juu ya mwenzake. Leo mlangoni kwangu nimeona nyayo za vidole vinne. Nyayo zangu zimerudi! Basi ni wazi Hatibu alikuwa akiziiba.
Lakini Pili katoka Kilakala, uso umemsawijika. Anasema mbele ya kizingiti cha Mzee Salehe kuna unyayo mmoja wa kulia, vidole vitano, umeelekea ndani. Mvua ya wiki nzima haijaufuta. Mwaisha anaufagia kila asubuhi huku analia, na kila asubuhi upo.
Hatibu huyo, hajatosheka! Nimekwenda nikakifukua kifurushi. Kilikuwa na joto. Nimekifukia hapa, chini ya kizingiti changu, nikiwa upande wa ndani, asivuke tena kuja kwangu. Pili alinishika mkono akinisihi nikitupe mtoni. Nimemwambia asiingilie mambo ya wasomi. Amefunga nguo zake, kaenda kulala kwa shangazi.
Sasa natoka. Nakwenda kwa Mzee Salehe kuposa upya, kabla harusi haijapangwa. Mpango ninao, safari hii hauna kasoro.
Nimerudi kuketi kidogo. Mguu wa kulia umegoma mlangoni. Ni huu ukungu. Nitatoka ukipungua.