Barua Chini ya Mlango

Jumatatu, 6 Januari
Hili sijamwambia mtu, hata mama. Barua isiyo na jina, inayotaka mwalimu wa hesabu afukuzwe, niliiandika mimi. Asubuhi nimeipenyeza chini ya mlango wa mkuu wa shule, nikatoka mbio. Tulipomaliza shule mwaka juzi, darasa letu tulikuwa arobaini, waliofaulu hesabu kumi na mmoja. Mimi simo. Mwalimu huongea na ubao, sisi tulibaki na kisogo chake. Akiondoka, shule itapanda. Jambo rahisi kabisa.

Jumatano, 8 Januari
Amesimamishwa kazi! Bodi itaamua wiki ijayo. Mama ndiye aliyeleta habari, akaongeza kuwa mwalimu ana watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Nikasema shule kwanza. Mama akauliza tangu lini nina maoni.

Ijumaa, 10 Januari
Balaa! Mkuu wa shule amekuja nyumbani. Anatafuta wa kushikilia hesabu kidato cha pili. Waliofaulu wako vyuoni, nimebaki mimi. Nilitaka kukataa, nikaishia kumkaribisha chai. Mama akamhakikishia kuwa nitaweza, maana mimi si mtu wa maneno mengi.

Jumatatu, 13 Januari
Macho themanini! Nikageukia ubao. Nimeufundisha vizuri sana. Binti mmoja wa nyuma akauliza kama mwalimu mpya ana uso, au wameletewa kisogo kitupu. Darasa zima likaangua kicheko.

Jumatano, 15 Januari
Jaribio: wamefaulu wanne. Kwa mwalimu wao walikuwa wakifaulu kumi na tisa. Nimekwenda kumwona. Nimemkuta anafua nepi. Shikamoo nilitoa, kisha nikampa karatasi za jaribio. Akajifuta mikono, akanipa kijitabu chake: nani haoni mbali, nani hutembea saa mbili kufika shule, nani huelewa ukimchorea. Akasema, "Usiogope, mwanangu. Mimi naliogopa darasa mwaka wa kumi na tano huu." Nimelia njia nzima.

Ijumaa, 17 Januari
Kijitabu nilikifikisha kwa mkuu wa shule jana. Leo bodi imekisoma na kumrudisha mwalimu kazini. Sijafurahi hivi tangu nimalize mitihani.

Jumamosi, 18 Januari
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa la mwalimu. Shule gani inamkabidhi hesabu msichana aliyefeli hesabu? Wa kufukuzwa ni mkuu wa shule! Barua kwa bodi iko tayari. Haina jina, na nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Wewe uliyefungua daftari hili, nakuomba sana, yaishie hapa hapa.