Kila Shimo na Mfadhili Wake

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya makao makuu. Tozo ya mafuta, ambayo ndiyo inayolisha karakana yetu ya barabara, imeshuka tena. Magari ya umeme yamejaa mjini. Hayanywi petroli, hayachangii hata tone la lami. Nisipobuni chanzo kipya cha fedha kabla ya mwisho wa mwezi, karakana inafungwa. Miaka ishirini na miwili ya usimamizi! Wafanyakazi wangu sita watakwenda wapi? Na mimi je, na kitambi hiki?
Nyumbani, mke wangu, fundi cherehani, kanipokea kwa vigelegele. Kanunua pikipiki ya umeme ya kupelekea wateja nguo. Nikamwuliza kama kweli ananitakia mema. Akasema haina kelele. Usaliti!

Jumanne, 4 Machi
Mkaguzi wa Magari, yule mama wa ofisi ya mkabala, ana wazo. Kila gari lilipie kilomita lilizotembea, zisomwe siku ya ukaguzi wa mwaka. Kikao kizima kikatikisa kichwa kukubali. Wazo kavu kabisa. Limeninyima raha kutwa nzima kwa sababu ni zuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Watu wanachukia kodi lakini wanapenda kusoma majina yao. Basi kila shimo lipate mfadhili: yeye anatoa fedha za kiraka, sisi tunasimika kibao chenye jina lake kando ya shimo. Mkuu wa makao makuu kanipa siku kumi za majaribio. Mkaguzi akauliza kibao kitafanya nini shimo likishazibwa. Nikamwambia aache gundu.

Ijumaa, 7 Machi
Mashimo yanagombewa! Mwenye bucha kachukua la mbele ya bucha yake. Daktari wa meno kachukua mawili. Muuza majeneza kachukua kubwa kuliko yote, la kwenye kona ya zahanati. Nimelipima mwenyewe kwa futi na kuliandika namba moja. Kichwa kimenivimba.

Jumatatu, 10 Machi
Tumekwenda na lami kuziba la bucha. Mwenye bucha kajitosa shimoni na aproni yake, kagoma kutoka. Anasema magari yakifika hapo yanapunguza mwendo, watu wanasoma jina, wananunua nyama. Tukiziba, tumemfilisi. Daktari wa meno naye hivyo hivyo. Muuza majeneza aliuliza kwa upole kama lake linaweza kupanuliwa kidogo.
Nikafikiri. Fedha zinaingia, lami haitoki. Niliwaandikia makao makuu kwa fahari. Wafanyakazi wangu wanacheza drafti. Mkubwa wao, mzee wa reki, kaniambia anaona aibu kupita mjini na sare ya kazi. Nikajitia hamnazo.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mke wangu alikuwa akipeleka gauni la bibi harusi. Kwenye kona ya zahanati maji yalikuwa yamefunika shimo namba moja. Ameanguka. Mkono wa kulia, ule wa mkasi, umevunjika mahali pawili. Mkaguzi ndiye aliyemkimbiza hospitali.
Mke wangu aliniuliza jambo moja tu: kama nililijua lile shimo. Nikasema nililijua. Akageukia ukutani. Nililia mbele ya wauguzi, sikujali. Muuza majeneza alikuja kutoa pole. Nimemwona akimpima kwa macho.

Jumatatu, 17 Machi
Imekwisha. Vibao ving'olewe. Wazo la kilomita limepita, karakana imepona, na msimamizi wake mpya ni Mkaguzi. Mimi nimehamishiwa stoo ya makoleo. Mzee wa reki na wenzake walishaziba namba moja tangu Jumamosi, bila kuniuliza.
Mke wangu hatashika mkasi miezi mitatu. Leo kanishika mkono kwa ule mzima. Atanisamehe, kasema, nikiapa kuachana na mipango yangu. Nimeapa, na nimeapa kwa dhati.
Amesinzia sasa. Plasta yake ni nyeupe, pana, kutoka vidoleni hadi karibu na kwapa. Wanaokuja kumjulia hali ni wengi, na kila mmoja anainama kuitazama. Futi ninayo mfukoni. Wafadhili wanne wanaenea. Watano, tukibana maandishi.